Mji wa Kanga

Kanga ina pindo, ina jina, ina mji.
Hilo nililijua kabla sijajua kusoma.
Sikujua tu kwamba mji unaweza kuwa huu:
Oldham, kilimani, mwezi wa Novemba,
nyumba za matofali mekundu zikiteremka mtaani
kama watoto walioshikana mikono wasiteleze,
na mvua isiyonyesha wala kukoma,
mvua inayokaa tu, mgeni asiyeaga.

Jumatano, nikitoka zamu ya usiku hospitalini,
napanda ghorofa ya tatu ya kiwanda cha pamba kilichokufa.
Chini wanauza mazulia. Juu kuna meza ndefu,
fremu za kuchapia, makopo ya wino, hita inayokohoa.
Humu, wanasema, ulisokotwa uzi uliovuka bahari
ukaenda kufunga viuno vya bibi zangu.
Sijui kama ni kweli.
Sakafu bado inanuka mafuta.

Mara ya kwanza nilichora dohani,
sita, zimesimama kama askari wa gwaride,
korosho kila pembe, chungwa juu ya nyeusi.
Nikampelekea jirani yangu, Doreen Kershaw,
aliyefuma miaka kumi na tisa kabla mashine hazijanyamaza.
Akavaa miwani. Akavua miwani.
"Nzuri," akasema. "Nzuri ya kadi ya posta.
Lakini humu anaishi nani?"

Basi nikaacha kutazama juu.
Nikachora mfuniko wa mtaro na maua yake ya chuma,
vizingiti vilivyolika katikati kwa visigino vya watu,
foleni ya chipsi Ijumaa, siki ikiwapanda puani,
Bwana Iftikhar dukani akipanga mabamia kwa urefu
kama penseli za mtoto mwenye nidhamu,
basi likipiga magoti kando ya njia
kumpokea mama na kigari cha pacha;
ukungu umekula nusu ya mlima, umebakiza kondoo.
Kila kimoja nikakirudia, nikakirudia,
maana kanga haisemi jambo mara moja.
Pindo lote nikalifanya mvua:
vistari, vistari, vimeinama upande mmoja.

Wekundu wa tofali ulinitesa.
Ulitoka damu, ukatoka nyanya,
ukatoka rangi ya kucha za bibi harusi.
Mwisho nikatia masizi kidogo, ukakubali.

Likabaki jina.
Wiki tatu kile kisanduku kitupu kilinikodolea macho.
Methali zangu zote ziligoma kusafiri:
moja ilitaka jua,
nyingine ilitaka wifi wa kumchoma,
na mimi hapa sina wifi, nina Doreen.

Asubuhi moja kijua kikanidanganya, nikaanika.
Shuka mbili, sare, soksi.
Doreen yuko dirishani kwake, kioo kimefungwa.
Akafumbua kinywa chote,
midomo ikatembea polepole, sauti hakuna.
Ndivyo walivyosemezana kiwandani
chini ya ngurumo ya mashine,
kila mmoja akisoma mdomo wa mwenzake:
nani ana mimba, nani kafukuzwa, saa ngapi sasa.
Nami nikasoma.
Nikageuka nyuma. Mlima ulishapotea.

ANUA, INAKUJA.

Sikuongeza neno.

Doti nikaikata kwa mkasi mkubwa wa karakana,
kipande chake, kipande changu.
Hajakifunga hata siku moja. Amekitandika mezani,
na juzi kikombe chake cha chai
kimeacha duara la kahawia katikati ya mji,
pale pale basi linapopiga magoti.
Akaomba radhi, akakimbilia sabuni.
Nikamshika mkono.
Nimelipima duara lile kwa rula,
sentimita nane na nusu, limekatika upande wa sikio la kikombe.
Toleo la pili litakuwa nalo.